Unene, Maziwa na Kisu: Kutoka Karagwe ya Rumanyika Hadi Meza ya Mpasuaji



Katika miezi ya Oktoba na Novemba ya mwaka 1861, msafara wa Mwingereza John Hanning Speke ulikwama katika nchi aliyoiita Usui, upande wa Biharamulo ya leo, jirani na Ngara. Mkama wa nchi hiyo, ambaye Speke anamwandika kwa jina la Suwarora, hakuwa na haraka ya kumpitisha mgeni kabla ya kulipwa hongo ya kumridhisha, na siku nyingi zikapotea katika kuhesabiana shanga, nguo na waya wa shaba. Hatimaye njia ikafunguliwa, msafara ukaingia Karagwe, na huko mambo yakawa kinyume kabisa: Mkama Rumanyika alikataza wageni wasitozwe kitu, akawapa chakula, akakaa nao kwa mazungumzo marefu. Mkalimani wa mazungumzo hayo alikuwa Sidi Mubarak Bombay, Myao aliyeuzwa utumwani utotoni akafikishwa India, kisha akarejea Zanzibar. Maneno yalipita kwa Kiswahili, yakaingia katika Kihindustani, ndipo yakamfikia Speke.

Habari za safari ile zimeandikwa sana kwa ajili ya chanzo cha Mto Nile. Sisi leo hatutazungumzia Nile. Tutazungumzia kurasa chache za kitabu chake, kilichotoka mwaka 1863, ambamo anaeleza wanawake wa jamaa ya Mkama. Anasema alipelekwa nyumbani kwa ndugu mkubwa wa Rumanyika, akamkuta mke wa bwana huyo ni mnene kiasi cha kutoweza kusimama. Vyombo vingi vya maziwa vilikuwa vimepangwa hapo, na mumewe akaeleza kwa fahari kwamba unene ule ni kazi ya vyombo vile, kwani wake wa jamaa ya kifalme hunyweshwa maziwa tangu udogoni mpaka wawe hivyo.

Siku nyingine Speke alimpima shemeji mmoja wa Mkama. Bibi huyo alikubali kwa sharti kwamba naye mgeni amwonyeshe mikono na miguu yake mitupu. Vipimo alivyoandika, tukivigeuza kutoka futi na inchi, ni hivi: mzunguko wa mkono wa juu sentimita 58, kifua sentimita 132, paja sentimita 79, shavu la mguu sentimita 51. Urefu aliukadiria kuwa sentimita 173, na akakiri kwamba huo hakuupata kwa uhakika. Paja moja la bibi yule lilikuwa karibu sawa na kiuno cha mtu mwembamba. Pembeni alikaa binti yake wa miaka 16, mdomo kwenye chombo cha maziwa, na baba mtu amesimama na fimbo mkononi ili asiache kunywa.

Hapana budi kusema kwamba mgeni aliyempima mwenyeji wake kwa utepe, kama mtu apimaye ng'ombe mnadani, naye alikuwa na mapungufu ya adabu, na hatuna maneno ya bibi yule mwenyewe juu ya mgeni huyo. Pia tusidhani kwamba Karagwe nzima ilikuwa hivyo. Mkulima wa kawaida hakuwa na maziwa ya kumjaza binti wake mchana na usiku. Desturi ile ilikuwa ya nyumba zenye ng'ombe wengi, na mwili wa mke ndio uliokuwa ushahidi wa zizi. Kila aliyeingia akamwona mwanamke asiyeweza kusimama alifahamu mara moja kwamba hapa pana watumishi wa kumwinua, na pana maziwa yasiyokwisha. Waarabu na Waswahili wa Unyanyembe, waliokuwa na kituo chao cha biashara pale Kafuro, nao waliyaona hayo.

Kwa nini tunaanza na habari hii? Kwa sababu msomaji wa Kirushya, wa Rulenge au wa Nyakanazi anaishi karibu na mahali pale, na fikra ile haijafa. Mtu akirudi kutoka mjini akiambiwa amenenepa, hilo ni neno la pongezi. Kitambi cha mume husemwa kuwa ni sifa ya mapishi ya mke. Na katika Mkoa wa Kagera kuna jambo jingine lililoongeza uzito wa fikra hiyo. Wagonjwa wa kwanza wa ukimwi waliotambuliwa Tanzania, mwaka 1983, walikuwa wa mkoa huu. Watu walishuhudia jamaa zao wakikonda mpaka mifupa ikahesabika, na ng'ambo ya mpaka, Uganda, maradhi hayo yalipewa jina lenye maana ya wembamba. Tangu hapo mtu aliyepungua ghafla hatazamwi kwa jicho jema. Hata anayepungua kwa hiari yake hulazimika kujieleza mbele ya majirani.

Basi, tukubali kwamba unene ni jambo ambalo watu wamelipenda, wakalitafuta, na wakalilazimisha kwa fimbo. Lakini mwili una hesabu yake, nayo haitazami heshima ya mtu.

Turudi nyuma miaka 900 kabla ya Rumanyika, twende Andalusia. Katika sehemu ya kaskazini ya Hispania, ambako Waislamu hawakutawala, alikuwako mfalme wa León aitwaye Sancho, ambaye historia imembandika jina la Sancho Mnene. Alishika ufalme mwaka 956, na mwaka 958 wakuu wake wakampindua. Miongoni mwa sababu zinazotajwa ni unene uliomzuia hata kupanda farasi, na mfalme wa zama zile asiyepanda farasi hakuweza kuongoza vita. Bibi yake, Malkia Toda wa Navarra, hakwenda kutafuta dawa kwa jirani Mkristo. Alimpeleka mjukuu wake Cordoba, mji mkuu wa Khalifa Abdul-Rahman wa Tatu, aliyekuwa adui wao kwa miaka mingi. Tabibu aliyekabidhiwa kazi hiyo alikuwa Hasdai ibn Shaprut, Myahudi aliyekuwa mtu wa karibu wa Khalifa. Sancho akapungua. Mwaka 960 alikuwa amekwisha kurudi kwenye kiti chake kwa msaada wa jeshi la Waislamu, na malipo yalikuwa ahadi ya kuikabidhi Cordoba ngome kadhaa.

Wasimuliaji wa baadaye walitia chumvi, wakasema kwamba mfalme alishonwa midomo akanyweshwa dawa kwa mrija. Hilo si la kutegemewa. Lakini yashangaza kwamba miaka 1,000 baadaye, katika miaka ya 1970, matabibu wa Ulaya walifanya jambo linalofanana na hekaya ile: waliwafunga wagonjwa taya kwa waya wasiweze kutafuna, wakawaacha wanywe vimiminika tu. Walipungua kweli. Waya zilipofunguliwa, wengi walinenepa tena.

Hapo ndipo tunapofika kwenye habari ya kisu, na naomba msomaji avumilie maelezo kidogo, maana bila hayo hatutaweza kupima lililo bora.

Chakula kikimezwa huingia kwenye mfuko wa tumbo, kikasagwa humo, kisha kikashuka katika utumbo mwembamba, ambao kwa mtu mzima una urefu wa mita 6 hivi. Humo ndimo mwili unamofyonza karibu kila kitu: sukari, mafuta, madini, vitamini. Basi mpasuaji anayetaka kumpunguza mtu ana milango miwili. Ama apunguze tumbo ili chakula kidogo kiingie, ama afupishe njia ya utumbo ili kidogo kifyonzwe. Operesheni zote zilizobuniwa zimepita katika mlango mmoja au katika yote miwili. Baadaye ilikuja kujulikana kwamba kuna jambo la tatu, nalo ni zile homoni za tumbo na utumbo zinazouambia ubongo kwamba mtu ana njaa au ameshiba.

Waliotangulia walianza na utumbo. Mwaka 1954 Kremen na Linner pamoja na mwenzao, wa Minnesota huko Marekani, walitoa taarifa ya kuunganisha mwanzo wa utumbo mwembamba na mwisho wake, sehemu kubwa ya katikati ikaachwa kando bila kupitiwa na chakula. Katika namna iliyoenea baadaye, chakula kilipita katika sentimita 45 tu hivi za utumbo. Matokeo ya mizani yalikuwa ya kufurahisha mno, na operesheni ile ikafanywa kwa maelfu ya watu katika miaka ya 1960 na 1970. Kisha wale waliopungua wakaanza kurudi hospitali: kuharisha kusikokwisha, mawe ya figo, maumivu ya viungo, na wengine ini likafa. Kufikia mwanzo wa miaka ya 1980 ilikuwa imeachwa, na wengi walilazimika kupasuliwa tena ili warudishiwe utumbo wao.

Msomaji aitie akilini habari hii, kwani ndiyo kiini cha makala yetu. Operesheni ilisifiwa kwa kilo ilizoondoa katika mwaka wa kwanza. Ilihukumiwa kwa yaliyotokea mwaka wa kumi.

Edward Mason, mpasuaji wa Chuo Kikuu cha Iowa, alipita mlango mwingine. Aliona kwamba wagonjwa waliokatwa sehemu ya tumbo kwa sababu ya vidonda hubaki wembamba. Mwaka 1966, pamoja na Chikao Ito, alianza kutenga kijifuko kidogo juu ya tumbo na kukiunganisha moja kwa moja na utumbo. Wengine waliirekebisha njia hiyo, na tangu mwaka 1977 maungio yake yakafanywa kwa umbo la herufi Y, kwa mfano wa mpasuaji wa zamani wa Uswisi aitwaye Roux. Kijifuko kinachobaki hubeba mililita 30 hivi, chini ya kikombe kidogo cha kahawa. Tumbo kubwa halitolewi, bali linaachwa humo ndani bila chakula kupita. Tuite hii operesheni ya njia ya mkato. Mpaka leo inafanywa, na hilo peke yake ni ushahidi wa uimara wake.

Mason mwenyewe hakutosheka. Mwaka 1980 alibuni namna nyepesi zaidi, ya kulibana tumbo kwa pini za chuma na ukanda usiolegea, bila kugusa utumbo. Ilipendwa, kisha ikafifia, maana wagonjwa wengi waligundua kwamba nyama na ugali havipiti lakini maziwa mazito, aiskrimu na soda hupita bila taabu. Uzito ukarudi kwa njia ya kunywa. Nadhani watu wa nyumba ya Rumanyika wangeweza kuwaonya wapasuaji wale kwamba mtu hunenepa vizuri sana kwa kinywaji.

Halafu ikaja pete, na hapa kuna mtu wa Afrika ya Mashariki ambaye jina lake linastahili kujulikana zaidi. Lubomyr Kuzmak, huko Marekani, mwaka 1986 alikuwa ametengeneza pete laini inayozungushwa juu ya tumbo, yenye kipulizio ndani, ambayo yaweza kukazwa au kulegezwa kwa kutia maji kwa sindano kupitia kifuko kilichofichwa chini ya ngozi. Lakini kuivalisha kulihitaji kupasua tumbo wazi. Aliyeivalisha kwa mara ya kwanza kwa kupitia matundu madogo, bila kufungua tumbo zima, alikuwa Mitiku Belachew, mzaliwa wa Ethiopia aliyechunga mifugo utotoni, akapata masomo, akafika Ubelgiji na kuwa mpasuaji. Alifanya hivyo katika mji wa Huy mwezi Septemba mwaka 1993. Pete ikaenea duniani, kwa kuwa hakuna kinachokatwa, na ikichukiza hutolewa. Tatizo lake lilikuja baadaye: huteleza, hula ukuta wa tumbo, na mgonjwa hana budi kurudi mara kwa mara kurekebishiwa. Wengi wametolewa pete zao, na leo wapasuaji wachache tu wanaivalisha.

Ile iliyoenea kuliko zote sasa ilipatikana karibu kwa bahati. Katika operesheni kubwa mno zilizofanywa kwa watu wazito kupindukia, hatua ya kwanza ilikuwa kukata tumbo na kubakiza bomba jembamba lenye umbo la ndizi. Kufikia mwaka 2000 Michel Gagner na wenzake mjini New York waliwagawia wagonjwa walio hatarini hatua mbili: leo bomba, baadaye utumbo. Ikaonekana kwamba wengi walipungua vya kutosha kwa hatua ya kwanza, hawakurudi kwa ya pili. Robo tatu ya tumbo au zaidi hutolewa nje, pamoja na sehemu inayotengeneza kwa wingi homoni ya njaa. Utumbo hauguswi. Katika nchi za Ghuba, waliko ndugu zetu wengi wasemao Kiswahili, operesheni hii imeenea mno.

Je, ipi bora? Swali hili limepimwa kwa uangalifu. Mwaka 2018 zilitoka taarifa mbili, moja ya Finland na moja ya Uswisi, za wagonjwa waliogawanywa kwa kura baina ya bomba na njia ya mkato, wakafuatwa miaka 5. Huhesabiwa zile kilo zilizozidi uzito unaofaa. Huko Finland waliofanyiwa bomba walipoteza asilimia 49 ya ziada hiyo, na wa njia ya mkato asilimia 57. Huko Uswisi ilikuwa asilimia 61 kwa 68. Tofauti ipo lakini si kubwa, na watafiti wa Uswisi hawakuihesabu kuwa ya uhakika. Penye tofauti ya kuonekana ni kwenye kiungulia: bomba mara nyingi hukizidisha, na njia ya mkato hukiondoa. Kwa hiyo mwenye kiungulia kikali kabla ya operesheni apaswa kulisema hilo waziwazi.

Wasweden nao, kuanzia mwaka 1987, waliwafuata zaidi ya watu 2,000 waliopasuliwa na idadi kama hiyo ya wanene wasiopasuliwa. Baada ya miaka 10, waliofanyiwa njia ya mkato walikuwa wamepungua asilimia 25 ya uzito wao wa awali, waliobanwa tumbo kwa namna ya Mason asilimia 16, na wa pete asilimia 14. La muhimu zaidi lilitangazwa mwaka 2007: waliopasuliwa walikufa kwa uchache zaidi kuliko wenzao. Naye Walter Pories wa Carolina ya Kaskazini alikwisha kuonyesha mwaka 1995 kwamba wengi wa wagonjwa wa kisukari waliofanyiwa njia ya mkato walirudi kwenye sukari ya kawaida. Hatari ya kufa katika siku 30 za kwanza, kwa hospitali za Marekani zilizochunguzwa na kutolewa taarifa mwaka 2009, ilikuwa watu 3 hivi katika 1,000.

Kwa hiyo asiseme mtu kwamba haya ni mambo ya urembo na anasa. Kipimo kilichotumika tangu mwaka 1991 ni kugawanya uzito wa kilo kwa urefu wa mita uliozidishwa kwa wenyewe. Mtu wa mita 1.65 mwenye kilo 110 hupata 40 na kidogo, na hicho ndicho kilikuwa kiwango cha kufikiriwa operesheni, au 35 ikiwa ana kisukari au maradhi mengine ya unene. Mwaka 2022 vyama vya wapasuaji hao vilishusha kiwango kuwa 35 hata bila maradhi mengine. Wanazuoni wengi wa Kiislamu wa zama hizi nao wametenganisha kupasua kwa ajili ya kuondoa madhara na kupasua kwa kutafuta umbo la kupendeza macho ya watu, na mtu wa kilo 110 asiyepanda ngazi bila kutweta yumo katika fungu la kwanza.

Katika nchi yetu wanawake wenye uzito uliozidi au unene walikuwa asilimia 11 katika uchunguzi wa taifa wa mwaka 1991 na 1992. Ule wa mwaka 2015 na 2016 ulikuta asilimia 28. Wala hakuna aliyesimama na fimbo. Chai yenye sukari nyingi, soda, mafuta ya kupikia na kazi ya kukaa vimetosha. Hospitali ya Taifa Muhimbili, katika tawi lake la Mloganzila nje kidogo ya Dar es Salaam, ilianza katika miaka ya mwanzo ya 2020 kuweka puto tumboni na kupasua kwa ajili ya kupunguza uzito. Puto si operesheni. Huingizwa kwa njia ya mdomo, hujazwa, hukaa kwa muda, mara nyingi miezi 6, kisha hutolewa. Nalo lina historia yake: Wamarekani waliruhusu puto la kwanza mwaka 1985, likaleta vidonda na kuziba utumbo, likaondolewa sokoni kabla miaka mingi haijapita. Ya leo ni bora, ila likitolewa, tumbo linabaki lilelile. Siku hizi pia kuna sindano za kila wiki zinazopunguza njaa, lakini zina gharama, na zikiachwa uzito hurudi.

Sasa natia suala mbele yako, msomaji wa Ngara na Biharamulo. Tuseme dada yako, mwenye kisukari na kilo 120, amekusanya fedha, watoto wamechanga, na anataka kusafiri zaidi ya kilomita 1,000 kwenda Dar es Salaam. Atauliza ipi inapunguza zaidi. Wote huuliza hivyo. Lakini nimekwisha kukuonyesha kwamba kila operesheni iliyoachwa iliangushwa na mambo ya baadaye. Nawe umwulize ya baadaye.

Mwenye njia ya mkato hufyonza kwa taabu madini ya chuma, chokaa na vitamini B12, kwa maisha yake yote. Anahitaji vidonge kila siku na mara nyingi sindano ya B12 kila baada ya miezi mitatu, na kupimwa damu angalau mara moja kwa mwaka. Asipopata, upungufu wa damu huja taratibu, na mishipa ya fahamu huharibika kwa namna isiyorudi. Mwenye bomba naye anahitaji vidonge, lakini kwa kawaida hatari yake ni ndogo kidogo. Je, zahanati iliyo karibu na nyumbani kwake ina dawa hizo mwezi wa Machi, mvua zikiwa nyingi? Maabara ya kupima B12 iko wapi? Ikibidi Bugando, Mwanza, basi daraja la Kigongo–Busisi, lililofunguliwa mwaka 2025, limepunguza kero ya kivuko, lakini nauli bado ni nauli. Na mwenye pete, ambaye lazima arudi kwa yule mwenye sindano ya kuikaza na kuilegeza, katika mazingira hayo amevaa mzigo.

Kuna pia ajali ya njia ya mkato ambayo yaweza kuja miaka mingi baadaye: utumbo kujipenyeza mahali pasipo pake ndani na kujinyonga. Maumivu makali ya tumbo kwa mtu wa namna hii si ya kusubiri asubuhi. Tabibu wa Murgwanza au wa Biharamulo anayempokea usiku apaswa kujua mara moja kwamba mgonjwa huyu ndani hakufanana na wengine. Ndiyo maana karatasi ya operesheni isiachwe kabatini Dar es Salaam. Ikae naye, na nakala kwa mume au kaka.

Mwanamke akumbuke kwamba uzito ukishuka, uwezo wa kushika mimba hurudi haraka, hata kwa aliyekaa miaka bila mtoto, na matabibu hushauri asibebe mimba kwa miezi 12 hadi 18 ya mwanzo. Mume aambiwe hilo kabla, wala si baada. Chai ya sukari nyingi, kwa aliyefanyiwa njia ya mkato, yaweza kumletea jasho, moyo kwenda mbio na kizunguzungu nusu saa baada ya kunywa. Rubisi, ambayo Mwislamu hana haja nayo lakini imejaa katika vijiji vyetu, humpanda kichwani mtu wa namna hii kwa kasi kubwa, na uchunguzi umeonyesha wengine kuwa walevi baada ya operesheni ambao hapo kabla hawakuwa hivyo. Kuhusu Ramadhani, mtu mwenye tumbo la kikombe hawezi kufidia kiu ya mchana kwa gilasi mbili za haraka wakati wa kufuturu. Maji yake huingia kwa funda ndogo, saa baada ya saa. Miezi ya mwanzo ana udhuru wa mgonjwa, na baadaye apange pamoja na tabibu wake.

Na kuna majirani. Dada yako atarudi baada ya miezi 6 amepungua kilo 30, nguo zinamning'inia, mashavu yameingia. Sokoni watanong'ona. Wengine watamwonea huruma isiyo na haja, wengine watamwepuka, na mama mkwe ataanza kumpelekea maziwa kwa chombo kikubwa, kwa nia njema kabisa, akimtaka anywe yote mbele yake.